Gauni Lisilobana

"Nguo zilianza kukubana lini?" daktari aliniuliza.

"Hazijanibana," nikamjibu.

Aliinua macho kutoka kwenye faili. Ni mtu mwembamba, mwenye mvi za kuhesabika, na ndiye aliyenikata robo tatu ya mfuko wa chakula miaka sita iliyopita. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha.

"Mama, mara ya mwisho ulipofika hapa, miaka mitatu iliyopita, ulikuwa na kilo sabini na nne. Leo una tisini na saba. Kilo ishirini na tatu haziingii mwilini nguo zisipate habari."

"Gauni hili ninalo mwaka wa saba sasa, daktari. Niangalie mwenyewe. Limenibana wapi?"

Nikasimama, nikageuka taratibu mbele yake kama mtu anayejaribu nguo dukani. Lilikuwa gauni la bluu la mikono mirefu, lenye utepe mpana mweupe ulioshuka kila ubavu kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Lilinikaa vizuri. Nakumbuka nilikuwa najivuna.

Daktari hakubishana na gauni. Aligeuza kompyuta yake nione picha ya eksirei waliyonipiga asubuhi ile, baada ya kuninywesha dawa nyeupe yenye ladha ya chaki.

"Nilikuachia kifuko chembamba kama kidole," alisema. "Hiki hapa ndicho kilichopo leo."

"Kimekuwa ngumi."

"Kimepanuka. Kwa baadhi ya watu hupanuka, na mwili nao huupigania uzito wake wa zamani. Sikuulizi ulikula nini. Nakuambia kilichopo." Akafunua ukurasa mwingine. "Na sukari imerudi."

Hilo la sukari ndilo lililonikalisha chini. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sukari akiwa na miaka hamsini na miwili, na mwaka uliofuata tulimzika. Sikulala kwenye kitanda cha upasuaji ili nipendeze. Watu wengi hudhani hivyo, na nimechoka kuwasahihisha.

"Nifanye nini?"

"Njia ziko mbili. Ya kwanza ni miezi sita ya chakula cha kupangiwa, sindano ya kila wiki na mazoezi. Kila Jumamosi upimwe uzito na kiuno, namba iandikwe, nitumiwe. Ikishuka, tunaendelea. Ya pili ni kukupasua tena. Nitengeneze kifuko kidogo zaidi na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo."

"Kama mara ya kwanza?"

"Sivyo. Mara ya kwanza niliingia mahali pazima. Kisha mshono ukavuja, nikakufungua tena. Safari hii nitaingia mahali palipokwisha kushonwa mara mbili, nyama zimegandana. Hatari ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na sitakuficha. Na ukitoka salama, usishike mimba kwa mwaka mmoja na nusu."

Nina miaka thelathini na minane. Alilijua hilo, liko kwenye faili. Alisubiri nimalize hesabu yangu.

"Ungekuja ulipoongezeka kilo tano," akaongeza, "tusingekuwa tunazungumza habari za kisu."

"Ningekujaje, na nguo hazikuniambia?"

Alichukua kalamu. "Mimi ningependa tuanze na njia ya kwanza. Lakini wewe mwenyewe sikuamini na mizani, unajua kwa nini. Kliniki iko mbali kwako, saa nne kwa basi. Nataka mtu anayekula nawe meza moja, awe anakupima na kuniambia ukweli. Asipokuwepo, njia hiyo hatuianzi, maana itakuwa miezi sita ya kudanganyana huku sukari inapanda. Una mtu nyumbani wa kukupima?"

"Mume wangu ni fundi cherehani," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile daktari alicheka. "Basi tumepata mtu. Fundi hakosei sentimita."

*

Kabla ya kwenda kituo cha basi niliingia chooni kunawa uso. Kulikuwa na kioo kirefu na taa kali. Sijui kwa nini nilivua gauni. Nadhani swali la daktari lilikuwa bado linanitembea kichwani, nami si mtu wa kuacha swali likae bila jibu.

Nililigeuza ndani nje, nikaliinua kwenye taa.

Kazi yangu ni mizani. Nakaa kwenye kibanda kando ya barabara kuu, malori yanapanda juu ya bamba moja baada ya jingine, nami nasoma uzito wa kila ekseli. Mizani yangu haioni chochote chini ya kilo mia mbili, na madereva hupenda kunitania: "Bibi Mizani, panda basi wewe, tuone kama itakuona!" Miaka kumi na mitatu ya kazi ile imenifundisha kwamba dereva anayetaka kudanganya haondoi mzigo. Mzigo unabaki palepale. Anachofanya ni kucheza na bamba.

Ndani ya gauni, kila ubavu, kulikuwa na mistari ya vitundu vidogo vya sindano, mahali mshono ulipokuwa zamani ukafumuliwa. Nikaihesabu. Mistari mitano, mmoja nje ya mwingine, kila mmoja umesogea upana wa nusu kidole. Na katikati ya mistari hiyo kitambaa kilikuwa na bluu iliyokolea, bluu kama ya dukani, iliyokaa miaka bila kuona jua. Kwa nje bluu hiyo isingejificha. Ndiyo maana juu yake kulikuwa na utepe mweupe.

Utepe ule alinipa mume wangu siku ya kuadhimisha miaka miwili ya ndoa yetu. "Nimekuwekea urembo," alisema. Nilimkumbatia mbele ya wateja.

Nikavaa gauni, nikanawa uso, nikaenda kupanda basi.

*

Tulikutana kwa sababu ya gauni hilo hilo. Nilikuwa na mwezi wa tano tangu upasuaji, nguo zote zinaning'inia kama zimetundikwa kwenye msumari. Nikaingia kwenye karakana ndogo yenye cherehani mbili na pasi nzito ya mkaa iliyowekwa kwenye rafu kwa ajili ya kutazamwa tu. Fundi alikuwa kijana wa makamo, mrefu, mwenye futi shingoni na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kunisalimia. Hakuniuliza jina. Aliandika kwa chaki kwenye kitambaa neno moja, *Bluu*, na tangu siku hiyo sikuitwa jina jingine kinywani mwake.

"Nipunguze kiasi gani?"

"Chote kilichozidi. Kata kabisa, sirudi tena huko."

Alinitazama. Si yale macho niliyoyazoea, ya mtu anayepima mwili kwa jicho kisha anaangalia pembeni. Alitazama uso. "Nitakata," alisema.

Nilirudi baada ya mwezi, kisha baada ya mwezi mwingine. Mara ya nne alisema, "Bluu, ukiendelea hivi utapita chini ya mlango wangu nisikuone. Kabla hujaisha, tunaweza kunywa chai?"

Nilicheka mpaka nikachoka. Usiku wa harusi yetu aliupitisha mkono juu ya kovu refu la tumboni, lile la kufunguliwa mara ya pili, akasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa: "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka." Nikajua nimeolewa na mtu wangu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa mgonjwa wa mizani. Nilijipima mara sita kwa siku. Niliacha kunywa maji ili namba ishuke gramu mia mbili. Siku moja nilimwambia, mimi mwenyewe, kwa hiari yangu: "Ichukue mizani hii, kaitupe. Kuanzia leo nguo zako ndizo mizani yangu. Zikinibana nitajua, nitarudi kwa daktari."

"Sawa, Bluu," alisema, akaichukua.

Hilo ndilo agano tulilokuwa nalo. Mengine yote ya ndoa yetu yaliwahi kuvunjwa na kuungwa, kama ya watu wengine. Hilo nililiamini.

*

Saa tisa alasiri nilikuwa mlangoni pa karakana. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, anashona vifungo vya mashati ya shule. Fundi alikuwa amepinda juu ya meza ya kukatia.

"Bluu! Umewahi. Daktari kasemaje?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo?"

Nikaenda nyuma ya pazia wanapojaribia wateja, nikavua gauni, nikavaa koti langu la kazi lililokuwa kwenye mkoba. Nikatoka, nikalitandaza gauni mezani limegeuzwa ndani nje, juu ya kitambaa alichokuwa anakata.

"Nisomee," nikamwambia.

"Nikusomee nini?"

"Mistari hii. Umeiandika wewe."

Hakulitazama gauni. Alinitazama mimi, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyekuwa akisubiri simu fulani kwa muda mrefu, sasa imelia. Mama mkwe alikata uzi kwa meno.

"Haya," akasema. "Limefika."

"Kumbe Mama naye anajua?"

"Nisijue nimekaa hapa? Yeye anashona, mimi nafumua kwa wembe. Ukienda zamu ya asubuhi tunaanza, ukirudi tumeshapiga pasi."

"Mama, tafadhali," Fundi alisema.

"Tafadhali nini? Kwani tumeiba? Mwanamke kanenepa kwa mumewe, kosa liko wapi? Ningekuwa mimi ningetembea barabarani nimeinua kichwa."

"Mangapi?" nikamuuliza Fundi. "Magauni mangapi?"

"Bluu, kaa kwanza."

"Nimekuuliza idadi."

Akaweka mkasi chini. "Yote."

"Na sketi za kazini?"

"Hizo niliweka lastiki."

"Na lile la zambarau, lenye vipande vyeusi pembeni, ulilosema umeona mtindo huo kwenye jarida?"

"Hakukuwa na jarida."

Nilikaa. Si kwa sababu aliniambia.

"Nilikupa kazi moja tu," nikasema. "Moja. Nguo zikibana, ziachwe zibane."

"Na mimi nilikuokota bafuni." Sauti yake ilikuwa chini, lakini haikuwa ya kuomba. "Umesahau? Ulikuwa umezirai, midomo imekauka, mkono umeishika mizani kama mtu anayeshika mtoto asianguke. Mimi sijasahau. Mwaka mmoja baadaye nakuona unavuta zipu ya gauni hili, inakwama hapa, unaivuta tena. Hukusema kitu. Lakini chakula cha jioni hukula, na maji hukunywa. Nikasema, nitaachia sentimita mbili tu, atulie. Asubuhi ukalivaa, likapita. Ukacheka. Ukala mkate. Ningefanya nini? Nikufumulie kicheko?"

"Ungeniambia, 'Bluu, umeongezeka kilo mbili, twende kwa daktari.'"

"Ungekwenda kwa daktari akakupasua."

"Kwa kilo mbili? Hakuna daktari anayempasua mtu kwa kilo mbili!"

"Mimi ningejuaje? Mimi ni fundi cherehani! Ninachojua ni alichoniambia dada yako. Mshono ulivuja, ulikaa siku ishirini na moja na mipira puani, na siku moja waliitwa waje kukuaga. Kila nikiona zipu inakwama naona siku hiyo. Kwa hiyo niliachia. Sentimita mbili, halafu mbili, halafu mbili."

"Mpaka ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu nini?"

"Kilo. Na sukari imerudi, Fundi. Ile ile iliyomla mama yangu mguu. Na daktari amesema ningekwenda mapema, tusingezungumzia kisu. Sasa tunazungumzia kisu. Ulichokuwa unakikimbia umekileta mwenyewe hadi mlangoni."

Hapo ndipo naye alipokaa. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka mikono mapajani, viganja juu. Ana mikono mizuri, mume wangu. Nilitaka kuishika, na nilijichukia kwa kutaka.

Mama mkwe aliacha vifungo.

"Kisu gani tena?" akauliza. "Mwanangu, wewe una miaka mingapi?"

"Mama anaijua miaka yangu."

"Naijua. Ndiyo maana nauliza. Ukipasuliwa utazaa lini?"

"Baada ya mwaka mmoja na nusu, nikipona."

"Na usipopona?"

"Basi sitazaa."

"Husikii unavyojibu? Kama karani! Nimemngoja mjukuu miaka minne, sijasema neno. Nimekaa kwenye kigoda hiki nafumua magauni yako, najiambia, acha anenepe, mwanamke aliyenona hushika mimba. Kumbe nafumua bure."

Fundi aligeuka. "Mama! Hivyo ndivyo ulivyokuwa unafikiri?"

"Kwani wewe ulikuwa unafikiri nini? Kila mtu hapa alikuwa na lake."

Ilikuwa kauli ya kweli zaidi kutamkwa kwenye chumba kile siku hiyo, na aliyeisema hakuwa akinitakia mema.

Nikarudi mezani. Kulikuwa na jambo moja bado halijakaa sawa kichwani mwangu, na lilinisumbua kuliko mistari mitano.

"Niambie kitu. Gauni hili lilikuwa la mtu wa kilo mia moja thelathini na moja. Siku ya kwanza nilikuambia ukate chote kilichozidi."

"Nilikata."

"Kitambaa cha kuachia mara tano kilitoka wapi?"

Alivuta ncha ya futi iliyoning'inia shingoni.

"Fundi."

"Niliacha vidole vinne kila upande," alisema. "Fundi yeyote huacha. Kitambaa kikishakatwa hakirudi."

"Nilikuambia sirudi tena huko."

"Kila mteja husema hivyo."

Aliona uso wangu, akataka kulirudisha neno, lakini lilikuwa limeshatoka. Kila mteja. Siku ile alinitazama usoni, nikaondoka pale nikitembea kama niko angani, kwa sababu nilidhani nimeona macho ya mtu aliyeniamini. Kumbe mikono yake ilikuwa tayari imenikunjia nafasi ya kushindwa, ikaishonea ndani, ikapiga pasi.

"Sikukusudia hivyo," alisema.

"Najua hukukusudia. Hilo ndilo baya."

"Nilikuwekea nafasi. Basi. Kama ninavyomwekea kila mtu."

Nje mtu aligonga, anaulizia suruali yake. Mama mkwe alimjibu kupitia dirishani kwamba umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu wote watatu.

*

Mtu atauliza kwa nini sikuondoka pale pale. Jibu ni kwamba nilikuwa na karatasi ya daktari mfukoni, yenye njia mbili, na mojawapo ilikuwa bado inamhitaji yeye. Sitaficha jambo hili: nilitaka sana awe yeye. Ndani ya basi, saa nne nzima, nilikuwa nimempangia maneno ya kumtukana, na chini ya maneno hayo nilikuwa nampangia Jumamosi. Atanipima asubuhi, kabla ya chai. Ataandika namba. Nitalia kidogo, yeye atanitania, na wiki itaanza.

"Kuna njia ya bila kisu," nikasema.

Aliinua kichwa haraka kiasi kwamba futi ilianguka kutoka shingoni.

"Miezi sita. Chakula na sindano. Lakini daktari anataka mtu wa kunipima kila Jumamosi na kumwambia ukweli. Asipokuwepo, ananipangia upasuaji. Dada yuko mbali, safari ya siku mbili. Nimemwambia nina mume, ni fundi."

"Nitakupima," alisema. "Bluu, nitakupima kila siku ukitaka. Nitaandika ukutani."

"Si kila siku. Jumamosi. Na leo, ili nimpelekee namba ya kuanzia. Nipime kiuno, uniambie, nisikie."

Nikavua koti la kazi, nikabaki na shimizi. Mama mkwe aligeukia dirishani, lakini sindano yake haikutembea.

Fundi aliokota futi. Ilikuwa ile ile ya manjano, ambayo namba zake za mwanzo zimefutika kwa vidole. Akaja mbele yangu, akapitisha mikono nyuma ya kiuno changu, akaikutanisha mbele. Alinukia chaki na pasi ya moto, kama siku zote. Paji lake lilikuwa karibu na bega langu, na nilisikia anavyopumua. Kidole gumba chake cha kulia kilikaa juu ya namba.

Nilimwomba kimoyomoyo. Sikumbuki maneno. Nadhani nilisema tu, sema. Hata ikiwa ni kubwa kuliko ninavyodhani, sema, nami nitakaa hapa nawe mpaka nizeeke.

Alinitazama. Yalikuwa macho yale yale ya siku ya kwanza, yaliyojaa huruma, yasiyohukumu.

"Tisini na nane," alisema.

Niliinama. Nikakishika kidole gumba chake, nikakiinua taratibu, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu cha moto.

Mia moja na sita.

"Nimeteleza," alisema.

"Una miaka ishirini na moja unapima watu. Umeteleza sentimita nane?"

"Leo tu, Bluu. Umetoka kuambiwa mengi leo. Sikutaka na hili ulisikie leo. Jumamosi nitasema sawasawa. Naapa nitasema."

"Mwambie asikuapie," Mama mkwe alisema, bado ametazama dirishani. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Namjua. Alipokuwa mdogo alinificha kifo cha baba yake siku nzima, eti nimalize kula."

Nilichukua simu. Daktari alipokea ilipolia mara ya pili.

"Daktari, ni mimi, mwenye gauni la bluu. Uliniuliza kama nyumbani kuna mtu."

"Ndiyo, mama. Ukasema mume wako."

"Hakuna mtu. Niandikie tarehe."

Nilisikia karatasi. "Una uhakika? Na huyo fundi?"

"Ni fundi mzuri sana," nikasema.

Aliniambia Jumatatu ya tatu, mwezi ujao, nifike na ndugu wa kunisubiri. Nikamwambia nitakuja na dada. Nikamshukuru, nikakata simu, nikavaa koti la kazi, nikafunga vifungo vyote vinne.

Fundi hakuwa amesogea. Futi ilikuwa bado mikononi mwake, imejikunja duara, duara lenye ukubwa wangu, nami simo ndani yake. Kidole gumba kilikuwa kimerudi palepale, juu ya namba.